Marubani wa Dustoff: helikopta zilizowafuata majeruhi ndani ya ukungu na risasi

Tarehe 6 Januari 1968, katika vita vya Vietnam, rubani mmoja wa jeshi la Marekani alitumia helikopta tatu kwa siku moja. Si kwamba alipenda kubadilisha. Ya kwanza ilipigwa risasi hadi baadhi ya vifaa vya kuiongozea vikaharibika. Nyingine ililipukiwa na bomu lililotegwa ardhini. Jioni ilipofika, Meja Patrick Brady alikuwa amewatoa vitani watu 51 waliojeruhiwa vibaya.

Helikopta alizorusha zilikuwa za kubebea wagonjwa. Hazikuwa na bunduki ya kujibu mashambulizi.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyoanza, ilivyofanyika, kwa nini karibu ifutwe, na ilichobakiza kwa watu wasio askari. Mwishoni tumeeleza mambo ya kuzingatia ikiwa helikopta ya wagonjwa itatua karibu na kijiji chako.

Kabla ya helikopta

Kwa karne nyingi, aliyejeruhiwa vitani alitegemea miguu ya wenzake. Alibebwa kwa machela, kisha kwa mkokoteni au gari, hadi kwa daktari. Wengi walikufa njiani, si kwa sababu jeraha lilishindikana kutibiwa, bali kwa sababu damu iliwaishia kabla hawajafika.

Mara ya kwanza helikopta kutumika kuwatoa majeruhi vitani ilikuwa Aprili 1944, nchini Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Luteni Carter Harman wa Marekani alikwenda nyuma ya mstari wa Wajapani kumchukua rubani wa ndege ndogo iliyoanguka pamoja na askari watatu wa Uingereza waliojeruhiwa. Helikopta yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba iliweza kumbeba mtu mmoja tu kila safari. Ikambidi aende na kurudi hadi wakaisha.

Burma si nchi ngeni kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka huo huo wa 1944, askari wa King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita keya, walipigana huko katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za monsuni. Kwao helikopta haikuwepo. Majeruhi walitolewa kwa machela, begani, katika matope yaliyofika magotini.

Katika vita vya Korea, kuanzia mwaka 1950, helikopta ziliwabeba majeruhi zaidi ya 17,000. Lakini nyingi zilikuwa ndogo. Machela ilifungwa nje, ubavuni mwa helikopta, na mgonjwa akafunikwa asipigwe na upepo. Akizidiwa njiani, hapakuwa na mtu wa kumfunga jeraha, kwa kuwa rubani alikuwa ndani na mgonjwa alikuwa nje.

Vietnam na jina la Dustoff

Mwezi Aprili 1962, kikosi cha 57 cha helikopta za wagonjwa cha jeshi la Marekani kiliwasili Vietnam Kusini kikiwa na helikopta tano za aina ya UH-1, ambazo askari waliziita Huey. Wakati huo Marekani ilikuwa ikiisaidia serikali ya Vietnam Kusini kupigana na wapiganaji wa Vietcong walioungwa mkono na Vietnam Kaskazini.

Huey ilileta mabadiliko makubwa. Ilikuwa na nafasi ya machela ndani, na mhudumu wa tiba aliweza kukaa na wagonjwa akaendelea kuwazuia wasitokwe damu, kuwawekea maji ya mshipani na kuwasaidia kupumua.

Kila helikopta ilikuwa na watu wanne. Rubani na rubani msaidizi walikaa mbele. Nyuma yao walikuwa mhudumu wa tiba na fundi wa helikopta, ambaye pia alisaidia kupakia majeruhi na kuangalia ikiwa mkia unakaribia mti.

Mwaka 1963 kikosi hicho kilichagua jina la kujitambulisha redioni: Dustoff. Ni neno la Kiingereza linalogusia vumbi kupeperushwa, na lilifaa, maana helikopta ikitua wakati wa kiangazi hutimua wingu la vumbi. Kwa kawaida majina ya redioni hubadilishwa mara kwa mara ili adui asiyazoee. Hili liliachwa, kwa sababu kila askari alikuwa amelijua, na mwenye majeruhi hana muda wa kutafuta jina jipya kwenye orodha. Mpaka leo helikopta za wagonjwa za jeshi la Marekani zinaitwa Dustoff.

Meja Kelly na mvutano wa mwaka 1964

Januari 1964 kikosi cha 57 kilipata mkuu mpya, Meja Charles Kelly, mzaliwa wa jimbo la Georgia. Alikuwa na umri wa miaka 38, na ujanani alipigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia kama askari wa miguu.

Kelly alikuta tatizo kubwa la kiofisi. Helikopta zilikuwa chache Vietnam, na baadhi ya wakuu wa jeshi, akiwemo Brigedia Jenerali Joseph Stilwell, waliona ni hasara kuziacha tano zikisubiri wagonjwa tu. Walitaka alama ya msalaba mwekundu iwe ya kubandika na kubandua. Kukiwa na majeruhi, ibandikwe kwenye helikopta yoyote iliyopo. Kusipokuwa na majeruhi, helikopta ibebe askari, risasi na chakula.

Hesabu hiyo ilionekana kuwa na mantiki. Kelly aliipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba helikopta ya kazi zote itakuwa na kazi nyingine kila majeruhi wanapoita, na mgonjwa asiye na helikopta yake mwenyewe atakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Hakubishana kwa maneno tu. Alihamia Soc Trang, katika delta ya mto Mekong, na kila usiku alizunguka na helikopta juu ya vituo vidogo vya askari akiuliza redioni kama kuna aliyejeruhiwa. Kuruka usiku kulikuwa jambo ambalo marubani wengi walilikwepa. Kati ya Februari na Machi 1964, idadi ya majeruhi wa Vietnam Kusini waliobebwa na kikosi hicho iliongezeka zaidi ya mara mbili.

Tarehe 1 Julai 1964 Kelly alitua karibu na Vinh Long kuchukua majeruhi. Risasi zikaanza kumiminika. Askari waliokuwa chini wakamwambia redioni aondoke. Akajibu kwamba ataondoka akishapata majeruhi wao. Dakika hiyo hiyo risasi moja ilipita kwenye mlango uliokuwa wazi ikampiga moyoni. Helikopta ikaanguka. Wenzake wa ndani walinusurika, yeye akafa.

Mmoja wa marubani waliofundishwa na Kelly alikuwa Patrick Brady, aliyezaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Dakota. Brady amesimulia kwamba siku iliyofuata ofisa mmoja alimrushia mezani ile risasi iliyomuua Kelly, akamuuliza kama sasa watabadilisha namna yao ya kuruka. Brady akasema hapana, wataendelea kama Kelly alivyowafundisha.

Baada ya kifo hicho mpango wa kuzigawa helikopta za wagonjwa haukuendelea. Jibu la Kelly likawa kama kiapo kwa marubani wote wa Dustoff.

Wito ulivyofika

Kazi yote ilianzia kwenye redio. Askari mwenye redio alituma ujumbe wenye mambo machache: mahali walipo, idadi ya majeruhi, nani hawezi kusubiri, nani analala na nani anaweza kukaa, na kama adui yuko karibu.

Rubani alipokaribia aliwaomba walio chini warushe kopo la moshi wa rangi. Hawakutakiwa kuitaja rangi hiyo kwanza. Rubani ndiye aliyesema rangi anayoiona, nao wakathibitisha. Sababu ni kwamba adui alisikiliza redio pia. Akisikia "moshi wa njano", naye hurusha wa njano mahali pengine ili helikopta itue mikononi mwake.

Palipokuwa na msitu mnene usio na uwazi, walitumia winchi yenye kebo ya zaidi ya mita 70. Helikopta ilisimama hewani juu ya miti, kebo ikashushwa, na majeruhi akavutwa juu. Hiyo ilikuwa kazi ya hatari kuliko zote. Helikopta iliyosimama hewani kwa dakika kadhaa ni shabaha isiyokwepa.

Siku ya Januari 6, 1968

Brady alirudi Vietnam kwa awamu ya pili akiwa na kikosi cha 54, kilichokuwa Chu Lai kwenye pwani ya katikati. Huko kuna milima, na milima ina ukungu.

Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na wito kutoka eneo lililoshikwa na adui. Askari wawili wa Vietnam Kusini walikuwa na majeraha mabaya, na bonde lote lilikuwa limefunikwa na ukungu na moshi. Brady alijitolea kwenda. Alishuka ndani ya ukungu, akafuata njia ya miguu iliyopita bondeni, polepole, huku ameigeuza helikopta ubavu ili upepo wa mapanga yake upeperushe ukungu. Alipigwa risasi kutoka karibu na hapakuwa na aliyemsaidia kujibu. Akakipata kiwanja kidogo, akatua, akawachukua wote wawili.

Wito wa pili ulitoka bonde la Hiep Duc. Majeruhi wa Kimarekani walilala mita 50 tu kutoka kwa adui. Helikopta mbili zilikuwa zimekwisha kutunguliwa hapo, na nyingine zilijaribu zikashindwa kuupenya ukungu. Brady aliingia, akapakia, akatoka. Kisha akarudi tena. Kwa jumla alikwenda mara nne, mpaka hapakubaki majeruhi hata mmoja.

Wito wa tatu ulikuwa wa mahali palipozungukwa na adui. Askari waliotaka msaada walikuwa wamebanwa kwa risasi, wakashindwa hata kukilinda kiwanja cha kutua. Mara ya kwanza Brady alipoingia, helikopta ilipigwa vibaya na sehemu ya vifaa vya kuiongozea vikakatwa. Dakika chache baadaye alirudi na helikopta ile ile, akawachukua waliobaki.

Alipopewa helikopta nyingine, akaitwa kwenye uwanja uliotegwa mabomu. Platuni moja ya Wamarekani ilikuwa imekwama humo. Kila aliyejaribu kusogea angeweza kukanyaga bomu. Brady alitua. Bomu moja likalipuka karibu na helikopta, likawajeruhi wenzake wawili na kuiharibu helikopta. Hata hivyo aliondoka na majeruhi sita mahututi akawafikisha kwenye matibabu.

Matundu ya risasi na vipande vya mabomu yaliyohesabiwa kwenye helikopta zake tatu yalizidi 400.

Oktoba 1969 Rais Richard Nixon alimvisha Brady Nishani ya Heshima, ambayo ni ya juu kabisa katika jeshi la Marekani. Baadaye alipanda hadi cheo cha meja jenerali na kustaafu mwaka 1993. Katika awamu zake mbili za Vietnam aliruka zaidi ya safari 2,000 za vitani na kuwabeba watu zaidi ya 5,000, wakiwemo raia wa Vietnam na askari wa adui waliojeruhiwa.

Kwa nini ukungu unaua, na Brady aliushindaje

Rubani anayeingia ukunguni hupoteza kitu kimoja muhimu: mstari wa upeo, pale mbingu na ardhi zinapokutana. Bila mstari huo, sikio la ndani linalotusaidia kusimama sawasawa humdanganya. Anaweza kuamini yuko wima kumbe helikopta imelala, au anashuka kumbe anadhani anapanda. Mlimani, kosa hilo huisha kwa kugonga mwamba.

Brady amesimulia kwamba aligundua njia yake alipokuwa anajaribu kumfikia askari aliyeumwa na nyoka juu ya mlima. Alijaribu kupanda akashindwa, kwa kuwa kioo cha mbele kilionyesha weupe mtupu. Upepo ulipoisukuma helikopta upande, alitazama kwenye dirisha la ubavuni akaona vitu viwili: ncha ya panga linalozunguka juu, na vilele vya miti chini yake. Vitu viwili vinatosha. Kwa kulinganisha ncha ya panga na mti, rubani anajua kama yuko sawa au ameinama.

Basi akaanza kuupanda mlima ubavu ubavu, kama kaa anavyotembea, mti hadi mti. Askari yule alifikiwa. Mbinu hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Januari 6.

Hapa kuna jambo la kuzingatia kuhusu ushujaa wake. Brady hakufumba macho akajitupa. Alikuwa na njia aliyoijaribu kabla, aliijua helikopta yake, na alijua kiasi gani inaweza kuvumilia. Marubani waliogeuka siku ile hawakuwa waoga. Hawakuwa na njia hiyo, na rubani anayeanguka huongeza majeruhi wanne juu ya wale waliokuwa wakisubiri.

Mzee Novosel

Mwingine anayekumbukwa ni Michael Novosel, aliyezaliwa mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alirusha ndege kubwa za mabomu. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa luteni kanali wa akiba katika jeshi la anga. Alipoomba kurudi kazini, jeshi la anga lilimkataa. Akakubali kuacha cheo chake na kujiunga na jeshi la nchi kavu kama rubani wa cheo cha chini zaidi.

Tarehe 2 Oktoba 1969, akiwa na miaka 47, alikwenda mkoa wa Kien Tuong karibu na mpaka wa Kambodia. Askari wa Vietnam Kusini walikuwa wametawanyika kwenye majani marefu, risasi zikiwaishia, bila redio ya kuwasiliana nao. Novosel alizunguka juu yao ili wamwone na wajikusanye. Risasi zilimlazimisha kuondoka mara sita, na kila mara alirudi. Aliingia mara 15 kuchukua watu.

Mwishoni alimwona majeruhi mmoja karibu kabisa na handaki la adui. Aliirudisha helikopta kinyumenyume. Mtu yule alipokuwa anavutwa ndani, adui alifyatua kutoka karibu, Novosel akajeruhiwa na kwa sekunde chache helikopta ikamponyoka. Akaidhibiti tena, akaondoka. Siku hiyo aliokoa watu 29. Naye alipewa Nishani ya Heshima, mwaka 1971.

Mwanawe, aliyeitwa pia Michael, alikuwa rubani katika kikosi hicho hicho. Helikopta ya kijana ilipotunguliwa, baba ndiye aliyekwenda kumchukua. Baadaye helikopta ya baba ilipoangushwa, mtoto akalipa deni.

Gharama yake

Helikopta za wagonjwa ziliwabeba kati ya watu 850,000 na 900,000 katika vita vya Vietnam, wakiwemo askari na raia wa Vietnam. Majeruhi wengi walifika hospitali katika muda wa saa moja hivi, jambo ambalo baba zao katika vita vilivyotangulia hawakuliona.

Lakini uwezekano wa helikopta ya wagonjwa kuangushwa na adui ulikuwa zaidi ya mara tatu ukilinganisha na helikopta za kazi nyingine. Karibu theluthi moja ya wanaanga wake waliuawa au kujeruhiwa, kwa risasi au kwa ajali za usiku na hali mbaya ya hewa.

Tena, ushujaa wa marubani hauifanyi vita yenyewe kuwa ya haki. Vita vya Vietnam viliwagawa Wamarekani kwa miaka mingi. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikufa. Serikali ya Vietnam ilitangaza mwaka 1995 kwamba raia wapatao milioni 2 walipoteza maisha, mbali na wapiganaji. Mtu anaweza kuipinga vita hiyo kwa nguvu zote na bado akaheshimu helikopta iliyomfuata mtu aliyekuwa anavuja damu, awe wa upande wowote.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 unasema majeruhi, madaktari na wauguzi wasishambuliwe, na ndege za tiba zenye alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu ziheshimiwe. Lakini kwa ndege kuna sharti: pande zote zinazopigana ziwe zimekubaliana juu ya urefu, saa na njia ambayo ndege itapita.

Vietnam hapakuwa na makubaliano hayo. Simu ya majeruhi haiji kwa ratiba. Msalaba mwekundu ulichorwa kwenye helikopta, na mara nyingi ulipigwa risasi. Itifaki ya nyongeza ya mwaka 1977 iliongeza maelezo ya kuzilinda ndege za tiba, lakini hata sasa rubani wa vitani hawezi kutegemea alama peke yake.

Kilichobaki kwa raia

Madaktari waliorudi kutoka Vietnam waliona jambo la kushangaza. Askari aliyejeruhiwa msituni alikuwa anafika kwa daktari haraka kuliko mtu aliyegongwa na gari kwenye barabara kuu ya Marekani. Kuanzia mwaka 1970, helikopta za jeshi zilianza kusaidia wagonjwa wa kiraia katika jimbo la Texas, na polisi wa jimbo la Maryland wakaanzisha huduma ya aina hiyo. Leo nchi nyingi zina helikopta za wagonjwa.

Afrika Mashariki ina historia yake mwenyewe. Madaktari wa ndege wa Amref walianza mwaka 1957, kabla ya Dustoff, wakitumia ndege ndogo kuwafikia watu wa vijiji vya mbali. Huduma hiyo haikuzaliwa na vita, bali na umbali. Lakini hoja ni ile ile aliyoisimamia Kelly: mgonjwa wa mbali anahitaji chombo ambacho kazi yake ni kumfuata yeye.

Helikopta ikitua karibu na kijiji chako

Inaweza kuwa ya wagonjwa, ya jeshi, ya hifadhi ya wanyama au ya uokoaji wakati wa mafuriko. Zingatia haya:

- Ondoa watoto na mifugo. Wasimame mbali, pamoja, mahali rubani anapowaona.
- Ondoa au funga vitu vyepesi: mabati yaliyolegea, turubai, nguo zilizoanikwa, kofia, mifuko ya plastiki. Upepo wa helikopta huvirusha, na vikiingia kwenye mapanga vinaweza kuiangusha.
- Mwambie rubani au wahudumu kuhusu nyaya za umeme, nguzo na waya za uzio. Kutoka hewani nyaya ni vigumu kuonekana.
- Usikaribie mpaka mhudumu akuite kwa ishara. Hata akikuita, njoo kutoka mbele, ukiwa umeinama, pale rubani anapokuona.
- Usipite nyuma kamwe. Mkiani kuna mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi kiasi kwamba huyaoni.
- Ikiwa ni mteremkoni, usije kutoka upande wa juu wa mlima. Upande huo mapanga yako karibu na ardhi na yanaweza kukufikia kichwani.
- Usibebe kitu kirefu begani. Jembe, fito au mwamvuli ubebwe kwa kulazwa, chini ya kiuno.
- Usiku, usimmulike rubani kwa tochi, wala usipige picha kwa simu ukiwa umewasha mwanga wake. Ukimpofusha kwa sekunde mbili, anaweza kushindwa kutua.
- Kama mgonjwa amefunikwa shuka au khanga, ifungeni vizuri kabla helikopta haijafika.

Na mnapopiga simu kuomba msaada wowote wa dharura, semeni kama walivyosema wale wenye redio: mko wapi, wagonjwa ni wangapi, nani hawezi kusubiri, na kuna hatari gani njiani. Mambo hayo manne yakijulikana mapema, anayekuja atakuja akiwa amejiandaa.